Uzee wa Songea Huanzia Miaka Arobaini

Ukikaa na watu wa makamo wa Songea, iwe Bombambili au Lizaboni, mazungumzo ya afya hayachelewi kufika kwa mababu. Wazee wa zamani, watu husema, waliishi miaka mingi kwa sababu walikula dona, walitembea kwa miguu na hawakuijua hospitali. Maneno hayo yana ukweli, ila umechanganyika na kosa kubwa, na kosa hilo linatupotosha tunapotafuta maisha marefu.

Sensa ya 2002 ilionyesha kuwa Mtanzania anayezaliwa alitarajiwa kuishi wastani wa miaka 51. Sensa ya 2012 ikaonyesha zaidi ya miaka 61, na sasa wastani umevuka 65. Umri wa kuishi umekuwa ukipanda, tena kwa kasi. Umepandishwa na chanjo, vyandarua, dawa za malaria na za virusi vya Ukimwi, na akina mama kujifungulia mikononi mwa wakunga waliosomea. Yaani hospitali ileile tunayosifu wazee kwa kutoijua.

Lakini basi, yule babu wa miaka 85 aliyekwenda shambani na jembe begani alitoka wapi? Alikuwepo kweli. Wastani wa zamani ulivutwa chini na watoto waliozikwa kabla ya kutimiza miaka mitano. Aliyevuka utoto salama alikuwa na nafasi nzuri ya kuona wajukuu. Mwaka 2007 watafiti Michael Gurven na Hillard Kaplan walikusanya takwimu za jamii za wawindaji na wakulima wa asili duniani, wakakuta kwamba katika jamii hizo watu wazima walifariki zaidi wakiwa kwenye umri wa miaka kama 72. Babu tunamkumbuka kwa sababu alibaki. Ndugu zake waliokufa wachanga hakuna anayewataja.

Ninachoona cha thamani kwa babu huyo ni namna alivyozeeka. Alifika 80 akisimama mwenyewe, akienda chooni mwenyewe, akimjua kila mjukuu kwa jina. Na hakuchagua lolote kati ya yaliyomfikisha hapo. Alitembea kwa sababu gari halikuwepo. Alikula mboga za majani kwa sababu nyama ilikuwa ya sikukuu. Maisha yenyewe yaliulazimisha mwili wake kufanya kazi. Sisi maisha yameacha kutulazimisha, na ndiyo maana leo mtu anapaswa kuyachagua yale ambayo babu yake aliyapata bila kuyataka. Tena ayachague mapema, kati ya miaka 40 na 60, mwili ukiwa bado una akiba.

Nianze na chakula, maana hapo kuna ushahidi wa karibu na nyumbani. Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro, kazi ya watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Walishirikisha wanaume 77 wenye afya njema. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini, chenye ndizi, maharage, nafaka na mboga za majani, walibadilishiwa wakawa wanakula vya kizungu kwa wiki mbili: soseji, mkate mweupe, chipsi na vingine vya jamii hiyo. Wenzao wa mjini wakapelekwa upande wa pili, waache vyakula vya mjini wale vya asili. Kundi jingine likaendelea na chakula chake cha kawaida na kunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja.

Wiki mbili zilitosha kuonyesha tofauti. Waliohamia chakula cha kizungu waliongezeka uzito, damu yao ikaonyesha dalili kwamba kinga ya mwili inawaka bila adui wa kupigana naye, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu zilipokutanishwa na vijidudu maabara. Waliorudi kwenye chakula cha asili walielekea kinyume, na baadhi ya manufaa yalionekana hata wiki nne baadaye. Huko kuwaka kwa kinga kwa muda mrefu ndiko kunakochakaza mishipa ya damu, kunakochangia kisukari na magonjwa ya moyo, na kunakomzeesha mtu kabla ya wakati wake. Mbege nayo ilionyesha manufaa, ila isije ikageuzwa kisingizio cha kwenda kilabuni kila jioni. Wiki moja ya kipimo maalumu chini ya watafiti haifanani na miaka 20 ya komoni na ulanzi, achilia mbali gongo.

Songea haina ulazima wa kuagiza chakula cha asili kutoka Moshi. Sahani ya hapa, ugali wa dona na maharage, majani ya maboga au kisamvu kilichoungwa karanga, pamoja na dagaa wa Ziwa Nyasa, inatosha na inazidi. Shida inaanzia mashineni. Hindi likikobolewa, ganda na kiini vinaondoka, na humo ndimo yalimokuwa mafuta mazuri, vitamini za kundi B, madini na nyuzinyuzi. Sembe inayobaki ni wanga karibu mtupu, unaopandisha sukari ya damu haraka. Pumba zenye lishe tunawapa kuku na nguruwe. Tumejizoesha kuona ugali mweupe kuwa ni heshima ya nyumba na dona kuwa ni dalili ya ufukara, na fikra hiyo inatugharimu.

Dona nayo ina sharti. Kuvu wanaotoa sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo anayesaga dona kwa mahindi yaliyovunwa mabichi au kuloweshwa na mvua anaisaga sumu yote pamoja na lishe. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, na sumu hiyo ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Mahindi ya dona yakaushwe juu ya turubai, yachambuliwe kwa mkono, yenye rangi ya ajabu yatupwe. Hata kuku wasipewe.

Kuna jambo jingine linaloniumiza kila ninapolifikiria. Mkoa wetu wa Ruvuma ni kati ya mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Lakini utafiti wa afya ya uzazi na malaria wa 2022 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano, asilimia 35.6, wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni 30. Watoto hao tumbo linajaa na mwili unakosa, kwa sababu asubuhi ni uji mtupu na jioni ni ugali na mchuzi mwepesi. Mtoto aliyedumaa akija kunenepa ukubwani hupatwa na presha na kisukari kwa urahisi kuliko mwenzake. Sehemu ya uzee wa mwaka 2080 inapikwa leo majikoni mwetu, na soya inayolimwa humuhumu mkoani, karanga na mayai vingeweza kuingia kwenye uji huo bila kusubiri mradi wa mfadhili.

Sasa nije kwenye miguu. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu miguu ndiyo inayoamua kama mzee ataishi au atatunzwa tu.

Nyumba nyingi za Songea na vijiji vyake zina choo cha shimo, na choo cha shimo hudai kuchuchumaa. Kijana halioni hilo kuwa jambo. Lakini mwulize mtu wa miaka 70 ambaye magoti na mapaja yamekataa. Anaanza kupunguza kula na kunywa ili asiende chooni mara nyingi. Anapungukiwa maji, anapata kufunga choo, anadhoofika zaidi, na siku moja usiku anateleza, nyonga inavunjika. Kwa wengi nyonga ikishavunjika hakuna tena kutoka kitandani. Safari hiyo ilianza miaka mingi nyuma, alipoacha kutumia mapaja yake.

Watafiti wamewafuatilia Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa pembeni mwa Ziwa Eyasi, kwa miaka mingi kuhusu jambo hili. Taarifa ya David Raichlen na wenzake ya 2017 ilionyesha kwamba Wahadzabe hufanya shughuli za kutoa jasho kwa dakika kama 135 kwa siku, na mioyo yao haionyeshi hatari tulizozoea kuziona mijini. La kushangaza lilikuja 2020. Wahadzabe wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, karibu sawa na watu wa nchi za viwanda! Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko yao huwa ya kuchuchumaa au kupiga magoti, misuli ya miguu ikiendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kiti chenye egemeo kinaipa misuli hiyo likizo ya kutwa nzima.

Mapema zaidi, mwaka 1953, daktari Jerry Morris wa Uingereza alilinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa ya London na makondakta wao. Ni watu wa kampuni moja na tabaka moja. Dereva alikaa kutwa, kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva, na walioupata uliwajia kwa upole zaidi. Nikiwatazama vijana wetu wa bodaboda wanaokaa juu ya pikipiki alfajiri hadi usiku, na abiria wao wanaopanda kutoka Mfaranyaki kwenda sokoni, mwendo ambao mama zao walikwenda na kurudi na mzigo kichwani, nawaona wale madereva wa London. Bodaboda inaokoa mgonjwa na mjamzito, na inalisha familia. Ninachoomba kwa mtu mwenye afya ni kuiacha katika safari fupi za kila siku. Mji wetu umejengwa juu ya vilima, na kila kilima ni zoezi lisilolipiwa.

Anayetaka kujijua ajipime hivi nyumbani. Akae kwenye kiti cha kawaida, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano bila kushika kitu. Ikimchukua zaidi ya sekunde 15, misuli imeanza kupungua na kazi ianze wiki hiyohiyo. Kusimama na kukaa mara 10, apumzike, arudie, asubuhi na jioni. Baada ya mwezi ahamie kwenye kigoda kifupi.

Na asiseme amechelewa. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone wa Boston aliwafundisha wazee 10 wa umri wa miaka kama 90 kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Walikuwa wakaazi wa nyumba ya kutunzia wazee, baadhi yao wakitembelea mikongojo. Msuli wa mwanadamu unaitika ukiitwa hata katika umri huo.

Msuli hujengwa kwa protini pia, na hapa desturi zetu zinawaonea wazee. Meno yakipungua, mzee anapewa uji na chai ya rangi, watu wakidhani wanamhurumia. Mtu wa kilo 60 aliyezeeka anahitaji gramu 60 hadi 70 za protini kwa siku, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye afuate maelekezo ya daktari wake. Kikombe cha maharage yaliyoiva vizuri kina kama gramu 15, yai moja lina 6. Maharage yapondwe, dagaa wasagwe wawekwe kwenye mboga, uji uungwe karanga. Mzee wa nyumba ndiye wa kwanza kuhitaji yai linalopikwa asubuhi.

Anayeona mazoezi ni mambo ya mjini aende Makumbusho ya Majimaji tarehe 27 Februari, siku ya kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani hapa Songea mwaka 1906, ngoma ya lizombe inapochezwa. Kukanyaga chini kwa kishindo, kuinama, kufuata mlio wa ngoma, kumtazama mwenzako na kubadili hatua pamoja naye: mafunzo ya nguvu, usawa wa mwili na akili yako humo yote. Au apite Mbinga aone Wamatengo wenye mvi wanavyochimba mashimo ya kilimo cha ngolo kwenye miteremko ambayo mgeni anaogopa kuishuka. Lizombe ikirudi kila Jumamosi kwenye viwanja vya mitaa, wazee wetu wataanguka mara chache.

Lakini mtu anaweza kula dona, akalima, akacheza ngoma, na bado akaanguka kwa kiharusi akiwa na miaka 58. Presha ya kupanda haina dalili, na hilo ndilo linaloifanya iue. Damu inapopita kwa nguvu kupita kiasi, kuta za mishipa hukakamaa na kupasuka kama mpira wa kumwagilia bustani uliofunguliwa maji yote kila siku. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta zaidi ya robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya kupanda. Wilayani Hai, ambako wazee wamefuatiliwa vizuri kuliko popote nchini, utafiti wa 2013 ulikuta karibu asilimia 70 ya watu wa miaka 70 na kuendelea wana presha, na wengi wao hawakuwa wakijua. Hao ni wakulima wa vijijini. Jembe peke yake halikuwakinga.

Presha ikifika 140 juu au 90 chini, na ikarudi kuwa hivyo kwa kipimo cha siku nyingine, ni ugonjwa wa kutibiwa. Vidonge vyake ni vya zamani, vinajulikana vizuri, na kwa wengi ni vya maisha. Hapo ndipo tunapowapoteza watu. Mgonjwa anameza mwezi mmoja, kipimo kinashuka, anasema amepona, anaacha. Kilichoshusha presha ni kidonge, na kidonge kikiondoka presha inarejea. Kiharusi kikija, familia inatafuta aliyemroga mzee, na chuki inaingia kati ya majirani kwa ugonjwa uliokuwa ukisomeka kwenye mashine ya presha tangu miaka 10 nyuma.

Chumvi nayo ina mkono wake. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula mtu, ikiwemo iliyo ndani ya samaki wa ng'onda na viungo vya pakiti. Samaki mkavu aloweshwe, maji yake yamwagwe, na kichupa cha chumvi kiondolewe mezani. Uchina walijaribu vijijini kuwapa watu chumvi ambayo sehemu yake ni potasiamu, katika vijiji 600, na matokeo ya 2021 yakaonyesha viharusi vimepungua kwa asilimia 14. Hilo lilipatikana kwa kubadili chumvi tu.

Tumbaku sitaijadili kwa kirefu. Songea na Namtumbo wameuza tumbaku ya moshi kwa vizazi, imejenga nyumba na kusomesha watoto, na najua uzito wa maneno haya kwa mkulima. Lakini hakuna kiasi cha sigara kisicho na madhara, na ugoro wa bibi zetu haujasalimika. Moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha unaharibu mapafu ya mpishi hata kama hajawahi kushika sigara.

Limebaki jambo ambalo wataalamu wa tiba tulichelewa kulitilia maanani: watu. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walijumlisha tafiti 148 wakakuta kwamba wenye mahusiano thabiti na wenzao walikuwa na nafasi ya kubaki hai iliyo kubwa kwa asilimia 50 kuliko wapweke. Na miongoni mwa Wahadzabe haohao, mwanaanthropolojia Kristen Hawkes alionyesha tangu 1989 kwamba wanawake waliopita umri wa kuzaa ndio wachimbaji hodari wa mizizi, na kwamba chakula chao kinawalisha wajukuu. Kwa hoja yake, binadamu alipata uzee mrefu kwa sababu bibi alikuwa na kazi ya kufanya.

Ruvuma ina bibi wengi wanaolea wajukuu ambao wazazi wao wako Dar es Salaam au wamefariki. Wengine wamelemewa, na hao wanahitaji kusaidiwa. Ila kumnyang'anya mzee kila kazi kwa jina la heshima ni kumdhuru. Mwanao akikwambia, "Mama, wewe kaa tu, pumzika," mwambie kwa upole kwamba bustani ya mboga ni yako, na mahindi ya dona utayachambua wewe. Aliye na jumuiya ndogondogo, swala ya jamaa, kikoba au kwaya asiiache kwa sababu ya umri.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60 na kumpa matibabu bila malipo akiwa hana uwezo. Ni sera nzuri, na dirisha la wazee hospitalini ni haki ya kupiganiwa. Lakini linafunguka wakati mishipa ya wengi imeshachoka. Wa miaka 40 na 50, hasa wanaume, hawaendi zahanati mpaka wabebwe. Tuwafuate waliko. Kila msimu wanakuja wenyewe na kupanga foleni: kwenye vituo vya ununuzi wa mahindi vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), kwenye maghala ya vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) wanakoleta ufuta, mbaazi na korosho, kwenye minada. Pale mkulima anasubiri saa nyingi mzigo upimwe. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye mashine moja ya presha, daftari na kiti cha plastiki angeweza kuwapima wote wa foleni hiyo kabla mizani haijawafikia, na wenye 140 kwa 90 na zaidi wakaondoka na karatasi ya kwenda zahanati ya kijiji chao. Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa mazao palepale. Sehemu ndogo ya ushuru huo inatosha kununua mashine na betri zake kabla ya msimu ujao wa mavuno.